Mwanagenzi wa Ziwa Talwahoma

Samaki wa kwanza ambaye Verna Oglesby alimvua maishani mwake alimtapikia mapajani. Alikuwa besi mdogo, kijani mgongoni na mweupe tumboni, mwenye mdomo mpana uliozidi kichwa chake. Na mara tu alipofika ndani ya boti alijikunja, akatoa sauti kama ya mtoto anayekohoa, akamwaga kamba wa mtoni aliyemeng'enywa nusu. Kichwa cha kamba kilikuwa kimeyeyuka, makucha yangali mekundu, na ute wa kijivu ulioviunganisha ulipenya kitambaa cha suruali hadi ngozini, baridi kama kamasi ya mtu mwingine.

"Mtoe!" Verna akapiga yowe. "Garland, mtoe huyu mdudu!"

Kaka yake alicheka hadi akashika ubavu. "Mdudu? Huyo ndiye mwalimu wako, mdogo wangu. Kakuonyesha alichokula asubuhi. Sasa unajua ufunge chambo cha rangi gani."

Verna aliinama ukingoni mwa boti, naye akayatapikia maji ya ziwa mikate midogo na mchuzi mweupe aliokuwa amekula alfajiri.

Mtu angedhani kazi yake ingekuwa imemponya kinyaa. Miaka ishirini na miwili alikuwa msaidizi wa daktari wa meno mjini, akishika taa juu ya vinywa vya watu na kunyonya mate yao kwa mrija. Lakini kuna watu ambao kila wanachokiona huwaongezea kidonda badala ya kuwatia sugu, na Verna alikuwa mmoja wao. Hakunywa katika gilasi ya mtu. Kwenye chakula cha kanisani alipakua mwanzo kabisa, kabla ya vijiko vya watu kuchanganyika. Nyumbani alinawa hadi viwiko, kama anayejiandaa kumpasua mgonjwa.

Basi alikuwa anatafuta nini ndani ya boti iliyonuka mafuta na magamba? Alikuwa anamtafuta kaka yake.

Garland alimzidi miaka tisa, na hakuna aliyelijua Ziwa Talwahoma kama yeye. Picha zake zilijaa ukuta wa duka la chambo, katika kila moja kashika samaki wawili midomoni, meno yake na ya samaki yote nje. Mara tatu alikuwa ameshinda shindano la wavuvi wawili wawili la mwezi wa Mei. La kwanza kati ya hayo matatu lilifanyika wiki ile mama yao alipokuwa akikata roho hospitalini. Garland alifika mauti yamekwisha kupita, amevaa fulana ya ushindi, na Verna alimwambia neno moja makaburini ambalo liliwaweka miaka mitano bila kuketi meza moja. Kisha, mwezi wa Machi, simu ikalia.

"Doyle Teague ameumia mgongo," Garland alisema, kana kwamba walikuwa wameongea jana. "Nahitaji mwenzi wa Mei. Njoo tuvue pamoja."

"Kaka, mimi hata ndoana sijawahi kuishika."

"Ndiyo raha yenyewe," akasema Garland, na Verna, baada ya kukata simu, alikaa jikoni akilia kwa furaha ambayo hakutaka kuitazama sana.

Kabla ya Jumamosi ya kwanza alikwenda peke yake kwenye duka la chambo, akachagua kama mtu anayechagua hereni: kilichong'aa, kilichometameta, kilichokuwa na mkia wa waridi. Garland alimimina mfuko wote sakafuni mwa boti.

"Nani amekuuzia mapambo haya ya Krismasi?"

"Yamenipendeza."

"Ndiyo kazi yake, kukupendeza wewe. Nusu ya vitu vya lile duka vimetengenezwa kumnasa mvuvi. Samaki hana habari navyo." Akasogeza vyote pembeni kwa kiatu, akafungua kisanduku chake. "Anayeanza anahitaji vitatu tu. Hiki chenye vijisahani vinavyozunguka, ni cha siku ya upepo na maji ya matope, samaki asipoona atasikia mtikisiko. Hiki kisamaki cha plastiki chenye mdomo wa kuchimbia, kiburute juu ya mawe, kigonge, kigonge, hadi besi akasirike. Na huyu hapa."

Huyu hapa alikuwa mnyoo wa mpira, mrefu kama kiganja, rangi ya zabibu zilizoiva mno. Ulikuwa umelowekwa katika mafuta yenye chumvi na kitunguu saumu, na ulijikunja kidoleni mwake kwa ulaini ambao kitu kisicho na uhai hakikupaswa kuwa nao. Verna aliupokea kwa ncha za kucha.

"Ufiche ncha ya ndoana ndani ya mwili wake usije ukanasa kwenye magugu," Garland akamfundisha. "Weka chubwi moja ndogo ya risasi mbele, ndiyo uzito wa kuuzamisha. Urushe, uache uzame, halafu usifanye kitu."

"Nisifanye kitu?"

"Kitu kigumu kuliko vyote hicho. Wanaoanza wote wana haraka. Vuta kidogo, subiri. Akigusa utahisi kama mtu kakugonga begani kwa kidole. Ndipo uvute."

Jumamosi nane mfululizo walitoka pamoja. Kidole gumba cha Verna, kilichokuwa laini kwa sabuni ya zahanati, kilichubuka kwa vijino vidogo vya samaki hadi kikawa kama msasa, kwa sababu besi hushikwa kwa mdomo wa chini, gumba ndani, vidole nje. Kinyaa hakikumtoka. Ute ulimsisimua mwili kila mara, harufu ya mafuta ya mnyoo ilimfuata hadi kitandani, na siku moja alikuta gamba limenata juu ya mswaki wake akautupa mswaki na kikombe chake. Lakini katikati ya karaha ile palikuwa na saa ambazo alisahau kunawa. Alijifunza kusoma maji: palipokuwa safi alifunga rangi za kufifia, palipochafuka alifunga nyeusi. Alijifunza kunyamaza. Garland alisimama nyuma yake akimrekebisha kiwiko, akimwita mdogo wangu, akimgawia karanga za kuchemsha kutoka mfuko mmoja. Verna alizila, zikiwa zimetoka mkononi mwake bila kunawa, na hilo lilimshangaza kuliko samaki.

Siku ya shindano kulikuwa na mawingu na upepo mwembamba. Kila boti iliruhusiwa kuleta samaki watano walio hai. Kufikia saa nne Garland alikuwa ametia wanne katika tangi la maji lililokuwa nyuma ya boti, samaki wa wastani, wala hakuwa na furaha. Verna alikuwa akivua karibu na mti uliozama, kwa mnyoo wa rangi ya zabibu, polepole kiasi kwamba Garland alimwuliza kama amelala.

Ndipo kidole kikamgonga begani.

Alivuta. Ufito wa kuvulia ukapinda hadi ncha yake ikagusa maji, na kitu kilichokuwa chini kikatikisa kichwa, mara moja, kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Samaki alipoibuka aliruka juu kwa mwili wake wote, mdomo wazi, mashavu yakitetemeka, na Garland akalia, "Usimlegezee! Usimlegezee, Verna, mama yangu we!" Walimpata. Alikuwa mkubwa kuliko samaki yeyote wa miezi ile miwili, mweusi kwa afya, na Garland aliyekuwa si mtu wa kukumbatia alimkumbatia dada yake kwa mikono iliyojaa ute, mgongoni, shingoni, kwenye nywele. Verna aliuacha ute ule ukauke shingoni mwake.

Adhuhuri waliegesha katika hori dogo la ziwa lililofichwa na misonobari. Garland alimpa sandwichi. "Kaa pale mbele, uangalie boti zinazopita zisitutikise. Mimi nawatia samaki dawa ya kuwatuliza." Verna alikaa akilitazama ziwa, mgongo kwa kaka yake. Alisikia kifuniko cha tangi kikifunguliwa, maji yakichapwa, na Garland akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Alifikiri jinsi mluzi ule ulivyofanana na wa mama yao.

Alasiri gati lilijaa watu. Purvis Lackey, msimamizi wa shindano, mzee mnene mwenye kipaza sauti, aliupokea mfuko wao, akaupima wote kwa pamoja. Ratili ishirini na tatu. Watu wakashangilia. Waliowatangulia hadi dakika ile, Eustace Birdsong na mkewe Opaline, walikuwa na ishirini na moja na ushei, nao walikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Na mwenye samaki mkubwa ni bibi huyu!" Purvis akanguruma. "Miezi miwili iliyopita hakujua ndoana inashikwa wapi! Mwanagenzi wetu! Mnyanyue tumwone, Bibi Verna, usimwogope, hang'ati!"

Verna alimshika kwa mdomo wa chini, akamnyanyua. Jua lilikuwa limetoka kando ya wingu na likaingia moja kwa moja katika ule mdomo mpana. Macho ya Verna, yaliyozoea kufuata mwanga hadi ndani ya koo bila kuombwa, yakafuata. Pale ambapo nyama nyeupe ya koo ilipaswa kujifunga palikuwa na kitu cha kijivu, laini, cha duara. Hakikuwa jino, wala mfupa, wala mlo.

"Tabasamu!" mpiga picha akasema.

Akatabasamu.

Baadaye ni tabasamu lile lililomkaba, si ile risasi ya kooni. Alikuwa amekwisha kuona, na midomo yake ikajikunjua yenyewe, meno ya juu na ya chini, huku mkono wa kaka yake ukiwa begani mwake.

Opaline Birdsong, mwanamke mkavu mwenye kofia ya majani, alikuja kumshika mikono yote miwili. "Wa kwanza mkubwa hasahauliki, mwanangu. Wangu nilimpata mwaka niliozaa kifungua mimba, na hadi leo namwona vizuri kuliko ninavyomwona Eustace." Mumewe akacheka kwa pumzi fupi ya mtu mwenye pafu moja. "Mmetushinda kihalali," akasema, na lile neno lilimwingia Verna kama harufu.

Samaki walipaswa kurudishwa majini kwenye ngazi za zege nyuma ya gati. Verna aliuchukua mfuko kabla ya Garland. Alipiga magoti kwenye zege lenye kokoto, akamtoa wake, ambaye sasa alipumua kwa taabu, ubavu mmoja juu. Aliingiza vidole viwili. Koo lilimbana, baridi, lenye mikunjo, likijaribu kummeza hadi vifundo. Akakwangua, akavuta. Chubwi ya risasi ilidondoka juu ya zege kwa mlio mdogo. Akarudi ndani. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilikuja na damu. Kila moja ilikuwa nene kama ncha ya kidole chake, imefunikwa na ute uleule uliomtia kichefuchefu miezi miwili; na sasa, kwa mara ya kwanza, ute ulikuwa kitu safi pekee mkononi mwake. Alimshika samaki majini, akimsukuma mbele na nyuma taratibu ili maji yapite mashavuni. Hakujua kama amezimaliza zote. Hatimaye mkia ukatikisika, na mgongo mweusi ukazama, ukaondoka.

"Hizo zitupe ziwani, Verna."

Garland alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mifukoni. Sauti yake ilikuwa ileile ya kumrekebisha kiwiko.

"Doyle hana mgongo mbovu," Verna akasema bila kugeuka.

"Doyle ameanza kusumbuliwa na roho. Watu wakizeeka huwa hivyo."

"Ukanitafuta mimi."

"Ningemtafuta nani? Mvuvi yeyote hapa angemshika samaki yule mara moja tu akajua. Nilihitaji mtu asiyejua samaki anapaswa kuwa mzito kiasi gani." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini kachagua kijisahani badala ya mnyoo, na ubaya wake ulikuwa hapo.

"Na Jumamosi zote zile?"

"Ilikuwa lazima ujue kurusha mshipi. Watu wangeuliza."

Verna aliinuka. Magoti yake yalikuwa na alama za kokoto. Alizitazama chubwi kiganjani, kisha akauliza swali ambalo aliliogopa kabla halijamtoka. "Lile la kwanza, Garland. La wiki ya mama. Nalo lilikuwa na risasi?"

Garland aliyatazama maji. Alitazama kwa muda mrefu, kama anayesubiri kugongwa begani.

"Jibu."

"Nilikuwa nimekwisha kumwahidi Doyle," akasema.

Verna aliukamata ule mfuko kwa mkono mmoja, samaki wanne wakiwa bado ndani. Alitembea kurudi gatini, mkono wa pili umefumba, akapita katikati ya watu waliompigapiga mgongo, akafika kwenye meza ya mizani. Purvis Lackey alikuwa akiandaa hotuba. Verna alifumbua mkono juu ya sahani ya mizani, na zile risasi nne zikakaa pale ndani ya kijidimbwi cha ute na damu.

"Zimetoka kwa samaki wangu," akasema. "Nilikwisha kuziona nilipopigwa picha. Wapasueni wale wengine."

Hakuna haja ya kueleza yote yaliyofuata. Kila mtu wa Talwahoma ana masimulizi yake, na katika kila simulizi msimulizi ndiye aliyeshuku mwanzo. Samaki wa pili alipopasuliwa sauti ya umati ilibadilika, ikawa ya chini, ya kooni. Mtu alirusha kopo la bia likampata Garland sikioni. Mwingine alitaja picha za dukani, mwingine akataja miaka. Askari wa kaunti alichukua maelezo, akasema watamwita Jumatatu. Eustace Birdsong alivua kofia, akatazama chini, kama mtu aliyemkuta mwenzake uchi kwa bahati mbaya. Na kulikuwa na wengine waliomtazama Verna, si Garland, kwa jicho lilelile analotazamwa mtu aliyefungua bandeji ya kidonda mbele ya watu mezani.

"Panda na sisi, mwanangu," Opaline akamwambia. "Nafasi ipo."

Verna alifungua kinywa kukubali. "Nimekuja naye," akasema.

Garland alikuwa ndani ya pikapu, injini inaunguruma, boti imefungwa nyuma, tone la damu limemkauka kwenye sikio. Alionekana kushangaa mlango ulipofunguka. Waliondoka. Barabara ya kurudi ilikuwa ya maili arobaini, mashamba ya pamba kushoto, vibanda vya kuku kulia, na ndani ya gari harufu ilikuwa nzito: kitunguu saumu, magamba, jasho la mtu mzima aliyeaibika. Verna alishusha kioo. Harufu ya kuku ikaingia. Akakipandisha.

Alitaka kumchukia kwa unyoofu, kama anavyochukiwa mtu asiye wako, ila kila alipoanza alikutana na karanga, na kiwiko kilichorekebishwa, na ile kelele ya "mama yangu we" ambayo hakuna mtu angeweza kuigiza. Au angeweza. Hilo ndilo lililokuwa limechafuka, na hakujua sabuni yake. Mtu anayejaza samaki risasi hachagui mahali pa kukoma. Kila ulichopewa naye unabaki ukikipima mkononi, ukijiuliza ndani yake mna nini.

Walipita kanisa la matofali, walipita kituo cha mafuta.

"Ratili nne na robo tatu," Garland akasema ghafla.

"Nini?"

"Yule wako. Nilimpima pale horini, ulipokuwa unakula. Kabla." Macho yake hayakuondoka barabarani. "Alikuwa na ratili nne na robo tatu peke yake. Hakuhitaji kitu. Nilimtilia kwa mazoea tu."

Verna aligeukia dirisha. Gumba lake lilikuwa likiwaka moto pale vijino vilipolichuna. Hapakuwa na mizani nyingine iliyomwona samaki yule akiwa mtupu, wala shahidi, wala samaki mwenyewe, aliye sasa mahali fulani chini ya ule mti, au tumbo juu kwenye matete. Palikuwa na neno la Garland tu. Alihisi uso wake ukipata joto, na ndani ya kifua chake kitu kidogo, cha aibu, kikinyanyua kichwa kusikiliza.

Maili nzima ilipita.

"Rudia," akasema.

Garland akarudia, bila kuongeza wala kupunguza hata wakia moja.